Ndege 16, injini za aina sita

Ilipowasili Dreamliner ya tatu mwezi Agosti 2024, ndege zenye twiga mkiani zilifika 16. Idadi hiyo ilitajwa sana majukwaani, na waliotaja walikuwa na haki. Miaka minane nyuma Air Tanzania ilikuwa imebaki na Dash 8-300 moja, 5H-MWF, na siku ilipoharibika hiyo shirika la taifa lilibaki na ofisi na mabango. Lakini injinia wa karakana haanzi kwa kuuliza ndege ziko ngapi. Anauliza ni za aina gani, na zimefungwa injini gani.

Tumjibu. Dash 8-300 iko moja, nayo inatumia PW123 ya Pratt & Whitney Canada. Q400 ziko tano zenye PW150A. Airbus A220-300 ziko nne zenye PW1500G, na hiyo ni ya Pratt & Whitney ya Marekani, mashine nyingine kabisa. Boeing 737 MAX 9 mbili zina LEAP-1B ya CFM, Boeing 787-8 tatu zina Trent 1000 ya Rolls-Royce, na Boeing 767-300F moja ya mizigo ina CF6 ya General Electric. Ndege 16, injini za aina sita. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya maumivu ambayo shirika limeyapata tangu 2022.

Rubani wa A220 haamki asubuhi akaendesha MAX. Kila aina ina mafunzo yake, mitihani yake na marudio yake kwenye kifaa cha kuigiza safari, mara nyingi ng'ambo. Fundi naye hapewi mamlaka ya kutia saini kwamba ndege iko salama kuruka mpaka awe na idhini ya aina hiyo. Stoo ndiyo inayoumia zaidi. Shirika lenye ndege 60 za aina moja linaweza kuweka injini mbili au tatu za akiba na likalala usingizi. Mwenye ndege mbili za aina moja akinunua injini ya akiba, amefungia mamilioni ya dola kwenye kreti kwa ajili ya ndege mbili. Asiponunua, injini moja ikigoma nusu ya kikosi hicho imekaa chini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. East African Airways iliposambaratika mapema 1977, Super VC10 na DC-9 pamoja na karakana kubwa zilikuwa Embakasi, Nairobi. Tanzania ikaanzisha Air Tanzania Corporation tarehe 11 Machi mwaka huo ikiwa na kidogo sana mkononi, na pengine ufinyu huo ndio uliowapa waanzilishi nidhamu. Ndani ya miaka michache ATC ilijipanga kwa ngazi tatu: Twin Otter kwa viwanja vya udongo, Fokker F27 kwa miji ya mikoa, na Boeing 737-200 kwa viwanja vikubwa na nchi jirani. Kila ndege ilikuwa na kiwanja chake.

Hizo 737 zinastahili kutazamwa kwa karibu. Zilikuwa mbili, 5H-ATC na 5H-MRK, zikapokelewa kati ya 1978 na 1979. Kiwandani ziliandikwa 737-2R8C: R8 ni namba ya mteja, yaani Tanzania, na C ni ya ndege inayogeuzwa matumizi. Ubavu wa kushoto, nyuma kidogo ya chumba cha marubani, ulikuwa na mlango mpana unaofunguka kwenda juu. Viti vya mbele viling'olewa, kizuizi kikasogezwa nyuma, palati za mizigo zikaingizwa mbele huku abiria wakikaa nyuma. Kwa nchi ambayo Mwanza na Kigoma zilikuwa safari ya siku kadhaa kwa reli, na ambayo abiria wa kulipa hawakutosha kujaza ndege kila siku, huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekaa akapiga hesabu. Kipande cha ndege ambacho kingeruka kitupu kilibeba shehena.

Mipaka yake nayo ilijulikana. Februari 1982 watekaji waliishika 737 ya ATC iliyotoka Mwanza wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu, na ili kufika Stansted, Uingereza, ilibidi ipitie Nairobi, Jeddah na Athens. Ndege hiyo haikuundwa kwa masafa ya namna hiyo.

Miaka ya tisini na ile iliyofuata nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa kiufundi haina mengi ya kufundisha. Kulikuwa na Alliance Air, ubia wa Tanzania, Uganda na South African Airways, uliopeleka Boeing 747SP ya Wasauzi hadi London kisha ukafa mwaka 2000. Desemba 2002 SAA ikanunua asilimia 49 ya shirika kwa dola milioni 20, ikaleta 737-200 za kukodi, na mwaka 2006 serikali ikazirudisha hisa. Mwaka 2007 ikakodiwa Airbus A320 moja iliyoruka muda mfupi tu, ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa, na kodi ikaendelea kuhesabiwa ikiwa chini. Deni likaishia serikalini. Hiyo ilikuwa ndege moja ya aina ya peke yake katika shirika lisilo na fundi wake wala kipuri chake. Machi 2010 737-200 iliacha njia ya kurukia pale Mwanza na haikurudi tena kazini. Tarehe 9 Aprili 2012 Dash 8-300 mojawapo kati ya mbili ikaanguka Kigoma ikijaribu kupaa. Hakuna aliyekufa, lakini ndege ilikwisha. Ndipo tukabaki na 5H-MWF.

Ufufuo ulianza Septemba 2016 kwa Q400 mbili mpya kutoka Kanada. Wakosoaji walizicheka: serikali imenunua pangaboi katika zama za jeti! Kwa maoni yangu, katika manunuzi yote yaliyofanyika tangu siku hiyo, hayo ndiyo yaliyofikiriwa vizuri kuliko yote. Q400 hubeba abiria 76 na hukimbia hadi kilomita 667 kwa saa, kwa hiyo kati ya Dar es Salaam na Songea abiria hapotezi muda wa kulalamikia akilinganisha na jeti. Ikigusa ardhi, mapanga sita ya kila injini hugeuzwa pembe yakasukuma hewa mbele, nayo ndege hupunguza mwendo bila kutegemea breki peke yake. Mlango wa abiria wa mbele una ngazi ndani yake. Ukishushwa watu wanateremka, hakuna kusubiri ngazi ya magurudumu ambayo pengine kiwanjani haipo. Bukoba, Mpanda, Tabora na Kigoma zilirudi kwenye ratiba kwa sababu ya sifa hizo. Zaidi ya hayo, mafundi waliokuwa wakihangaika na 5H-MWF walikutana na ndege ya ukoo uleule.

A220 nayo ilikuwa na mantiki. Iliagizwa Desemba 2016 kwa jina la CS300 ya Bombardier, ikapokelewa Desemba 2018 ikiwa Airbus, maana katikati ya safari mradi ulikuwa umebadilisha mwenyewe. Air Tanzania ikawa ya kwanza Afrika kuipokea. Viti 132, masafa ya kutosha kufika kusini mwa bara au magharibi yake, na matumizi madogo ya mafuta. Kasoro ilikuwa ndani ya injini. PW1500G ina giaboksi kati ya feni na tabaini, ili kila kimoja kizunguke kwa kasi inayokifaa. Kimahesabu ni kazi ya kupendeza. Kiuhalisia injini za familia hiyo zilianza kurudi karakana mapema kuliko ilivyoahidiwa, foleni ya matengenezo ikajaa dunia nzima, na mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ikatangaza kupunguza safari kwa kuwa A220 zake zilikuwa zimeegeshwa. Swiss na airBaltic nao waliumwa na injini hiyohiyo, lakini wao wana ndege nyingi za aina hiyo, na ikikosekana moja ratiba inapinda bila kukatika.

Utetezi wa MAX 9 ninaousikia ni kwamba ndege za watengenezaji tofauti zinakinga shirika, injini moja ikigoma nyingine inaruka. Utetezi huo una ukweli, ila tarehe haziuungi mkono. MAX mbili, 767 ya mizigo na Dreamliner ya tatu zilitangazwa kwenye maonyesho ya Dubai mwezi Novemba 2021, mwaka mzima kabla ya A220 kuegeshwa. Kwamba MAX yenye viti 181 iliwahi kuziba pengo ilikuwa bahati. Ningekuwa kwenye meza ile ningeuliza kwa nini zisiongezwe A220 mbili pamoja na injini za akiba.

Kuhusu Dreamliner watu hubishana kama tuliihitaji. Mimi naona swali zuri zaidi ni ilivyotumika. 5H-TCG ilitua Dar es Salaam Julai 2018, na mwezi huohuo ikaanza safari za Kilimanjaro na Mwanza. Ndege yenye viti 262 na uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 13,000 ikafanya kazi ya kilomita 850. Umri wa injini huhesabiwa kwa saa na pia kwa mizunguko, ambapo kupaa na kutua kunahesabiwa mzunguko mmoja. Diski za ndani ya Trent 1000 zina idadi ya mizunguko iliyopangwa. Ikifika hutolewa hata kama zinang'aa. Safari ya Guangzhou inakula mzunguko mmoja kwa zaidi ya saa kumi za nauli. Safari ya Mwanza inakula mzunguko uleule kwa saa moja na nusu hivi. Magurudumu na breki navyo huchakaa kwa kutua, si kwa kukaa angani. Ndiyo, abiria wa Mwanza walifurahi na picha zilipendeza, lakini njia ya maana ya ndege ile ilikuja 2019 ilipoanza kwenda Mumbai, kisha Guangzhou.

Umiliki nao una ufundi wake. Ndege ni za Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na shirika linazikodi. Kwa mpangilio huo wanaolidai shirika madeni ya zamani hawawezi kuzigusa. Wanaoidai serikali wanaweza. Mwaka 2017 Q400 ilizuiwa Kanada kwa deni la mkandarasi wa barabara, na Agosti 2019 A220 ilishikwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyetaifishiwa mali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kesi na shirika la ndege, lakini ratiba iliyovurugika ilikuwa ya shirika.

Kwa mwaka wa fedha 2023/24 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, aliandika hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Kwa hiyo soko la Ulaya, ambalo Dreamliner ya tatu ingelifaa, limefungwa kwa sasa. 767 yenye uwezo wa tani 54 nayo inawinda minofu ya samaki, nyama na mboga iliyozoea kupitia viwanja vya majirani.

Uamuzi unaofuata utalazimishwa na pangaboi. De Havilland Canada ilisimamisha uzalishaji wa Q400 mwaka 2021, mwaka uleule tulipopokea ya tano. Zikizeeka hizi hakuna mpya za kuziongeza. Njia moja ni kununua ATR 72, ambayo Precision Air imeizoea na mafundi wake wapo Dar es Salaam, lakini kwa Air Tanzania hiyo ni injini ya aina ya saba. Njia nyingine ni kutafuta Q400 zilizotumika, zenye rekodi safi za matengenezo, na kununua pamoja nazo injini mbili za akiba. Najua ndege ya mtumba haipokelewi kwa ngoma wala kumwagiwa maji na magari ya zimamoto. Mimi ningenunua hizo.