Ubashiri na Uhakiki: Tuzo za Ufundi katika Oscar

Kila mwaka, kabla ya Tuzo za Oscar kutolewa nchini Marekani, huzuka katika magazeti na majarida ya sinema kazi ya kubashiri washindi. Kuhusu filamu bora au mwigizaji bora ubashiri huo hauna shida kubwa, kwa kuwa kila mtazamaji ana maoni yake. Shida huanza katika tuzo za ufundi, yaani uhariri, upigaji picha, sauti, maleba, mapambo ya mandhari, na zile picha za viinimacho zinazoonyesha jambo ambalo kamera haikuliona. Hapo mbashiri hulazimika kusema neno juu ya kazi ambayo, ikitendwa vizuri, aghalabu haionekani. Makala haya yanachunguza kanuni anazozitumia mbashiri huyo, na kuonyesha kwamba hata zinapolenga shabaha hazimwelezi msomaji lolote juu ya ufundi wenyewe.

Msingi wa jambo hili ni namna kura zinavyopigwa. Katika tuzo nyingi za ufundi, wateule huchaguliwa na mafundi wenzao: wahariri huteua wahariri, wapiga picha huteua wapiga picha. Lakini mshindi huchaguliwa na wanachama wote wa Akademia inayotoa tuzo hizo, ambao sasa ni zaidi ya 9,000, wakiwamo waigizaji, waandishi, watayarishaji na wengineo. Kwa hiyo orodha ya wateule ni hukumu ya mafundi, ilhali ushindi ni hukumu ya watu wa sinema kwa jumla. Isitoshe, kwa miaka mingi mwanachama aliweza kupiga kura katika tuzo nyingi hizo bila kuzitazama filamu zote zilizoteuliwa. Sharti la jumla la kuzitazama lilitangazwa mwaka 2025 tu, kwa ajili ya tuzo za mwaka 2026.

Mbashiri mzoefu huyajua haya, naye hujiwekea kanuni tatu. Ya kwanza ni kanuni ya mkondo: filamu inayopendwa kwa jumla huzivuta tuzo ndogo nyuma yake. Ya pili ni kanuni ya wingi: hushinda uhariri wenye mikato mingi, sauti yenye vishindo, na maleba yenye fahari. Ya tatu ni kanuni ya vyama: tuzo zinazotolewa mapema na vyama vya mafundi huchukuliwa kuwa ishara ya yatakayofuata. Kanuni hizi zina sifa moja inayozifunga pamoja, nayo ni kwamba mtu aweza kuzitumia zote bila kuitazama filamu hata mara moja.

Mfano wa kanuni ya mkondo ni filamu ya Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya. Mwaka 1986 ilipata tuzo 7, zikiwamo za filamu bora, upigaji picha, mapambo na sauti. Katika upigaji picha, kazi ya David Watkin ilishindana na Ran ya Akira Kurosawa. Katika Ran majeshi ya wana watatu hutambulikana kwa rangi, manjano, nyekundu na samawati, hata mtazamaji akaweza kuufuata usaliti wa ndugu kwa jicho kabla ya kuusikia kwa maneno. Rangi hapo si pambo, ndiyo inayosimulia. Hata hivyo Ran iliambulia tuzo moja tu, ya maleba, aliyopewa Emi Wada. Msomaji wa Kenya ana haki ya kuuliza: katika picha za vilima vya Ngong na mbuga zionekanazo kutoka ndegeni, kiasi gani cha uzuri ni cha nchi, na kiasi gani ni cha mkono wa fundi? Swali hilo halimpunguzii Watkin sifa, bali linataka sifa hiyo ielezwe. Ushindi haukuieleza. Mwaka huohuo The Color Purple iliteuliwa mara 11, sawa na Out of Africa, mara kadhaa kwa ajili ya ufundi, na kura ya jumla haikuipa hata tuzo moja.

Kanuni ya vyama yaonekana kuwa na msingi imara zaidi, maana hapo fundi humhukumu fundi. Lakini nayo ina utata wake. Mwaka 2019 tuzo ya uhariri ilipewa Bohemian Rhapsody, iliyohaririwa na John Ottman, baada ya chama cha wahariri kuipa tuzo yake. Watazamaji wengi walishangaa, na kipande kimoja, ambapo wanamuziki wanakutana mezani na meneja wao mtarajiwa, kilidhihakiwa kwa wingi wa mikato isiyo na sababu. Yamkini wahariri walikuwa wakipima jambo jingine. Mwongozaji wa filamu hiyo alikuwa amefukuzwa kabla ya kazi kwisha, na mwingine akaimalizia. Fundi ajuaye taabu ya kuunga vipande vya namna hiyo humheshimu aliyeviunga. Basi pana maana mbili za ubora: ubora wa kazi ionekanayo, na ubora wa juhudi iliyoiokoa. Mbashiri hahitaji kuzitenganisha; yamtosha kujua nani atashinda. Mhakiki hawezi kuendelea bila kuzitenganisha.

Udhaifu wa kuichukulia tuzo kuwa kipimo cha ufundi unadhihirika zaidi katika habari za Kevin O'Connell, mchanganyaji sauti aliyeteuliwa mara 20 bila kushinda, akashinda mwaka 2017 kwa uteuzi wake wa 21, katika Hacksaw Ridge. Kama ushindi ndio ushahidi, basi mtu huyu alikuwa amepungukiwa na ufundi mara 20, ingawa mara zote hizo wenzake wa kazi walimteua. Hakuna mhakiki awezaye kuikubali hoja hiyo.

Kwa upande mwingine, kuna nyakati ambapo kanuni huvunjika, na hizo ndizo zenye mafunzo. Mwaka 2016 Mad Max: Fury Road ilizoa tuzo 6, zote za ufundi, mkondo ulikuwa wake. Lakini tuzo ya picha za viinimacho ilikwenda kwa Ex Machina, filamu ya gharama ndogo ikilinganishwa na wapinzani wake. Humo uso na mikono ya mwigizaji vimeachwa kama vilivyo, na sehemu kubwa ya mwili ikageuzwa mashine inayopenya macho. Kila aonekanapo, mtazamaji hurudishiwa swali la hadithi yenyewe: huyu ni mtu au ni chombo? Vivyo hivyo, mwaka 2021 tuzo ya sauti ilitolewa kwa Sound of Metal, kisa cha mpiga ngoma anayepoteza uwezo wa kusikia. Humo sauti hufifia, hupotoka, na mwishowe hunyamaza. Kanuni ya wingi haiwezi kueleza jinsi kimya kinavyoshinda kishindo. Ili kueleza, hapana budi kusikiliza.

Jambo hili haliwahusu watu wa sinema peke yao. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na mara nyingi maudhui yanayopendwa huivuta fani nyuma yake, kama filamu bora inavyovuta tuzo ya mapambo. Riwaya yenye msimamo mwema husifiwa kwa “lugha tamu” bila sentensi moja kuchambuliwa. Shairi lenye msamiati mgumu huhesabiwa kuwa na ufundi kwa sababu ugumu huonekana upesi. Hizo ni kanuni za mkondo na za wingi zilizovaa joho la taaluma.

Kubashiri kuna raha yake, wala hakuna haja ya kukupiga marufuku. Lakini mbashiri huwasoma wapiga kura, na mhakiki huisoma kazi. Anayetaka kusema kwamba picha imehaririwa vizuri, au kwamba ubeti umefumwa vizuri, na aonyeshe mkato uko wapi, kwa nini umewekwa hapo, na kingeharibika nini kama ungeondolewa.