Riwaya ya upelelezi: Msa, Gamba, na ziwa letu

Rafiki yangu wa Muleba ameniomba riwaya mpya ya upelelezi. Nimempa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Kama hujakisoma, kwako ni kipya tu.

Bwana Msa hana haraka. Anavuta kiko chake, anauliza, anasikiliza, anawaza, nawe msomaji unawaza naye. Ukishindwa kumjua muuaji, umeshindwa kihalali. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni mambo mengine kabisa: mbio, risasi, warembo. Utamu upo, sikatai, usiku mmoja kitabu kimekwisha. Ila sijawahi kukirudia, wakati Msa nimemrudia mara tatu.

Kinachoniuma ni kwamba Msa ni wa Unguja na Gamba ni wa Dar. Sisi huku tuna bandari ya Bukoba, mpaka wa Mutukula, na visiwa vya Muleba ambako boti isipokuja hatoki mtu. Hivi jamani, muuaji na mpelelezi kukwama pamoja Goziba wiki nzima, nani asingesoma? Riwaya hiyo bado naitafuta. Mwenye nayo aniazime, nitarudisha.