Albamu au Kasha Zima? Jumapili Moja ya Bill Evans

Ubishi ulianzia kijiweni, kama kawaida yetu. Mshikaji mmoja alifika na kasha la sidii tatu kwapani, kalifunga kwa gazeti kama mtu aliyetoka buchani, akatangaza kwamba sasa anaye Bill Evans wa Village Vanguard, "yote, bila kubakisha". Mwingine, ambaye kwa miaka mingi anayo santuri moja tu iliyokwaruzika, akamjibu: "Yote ya nini, bwana? Mimi ninayo mchele. Wewe umenunua mpaka na chuya." Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu swali hilo hilo lilikuwa limelala mezani kwangu kwa muda mrefu. Kwa nini, nitasema kabla sijamaliza.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ukimtajia jazi mzee wa Dar es Salaam atakukumbusha Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz: magitaa, saksafoni na watu wanaotoka jasho ukumbini. Huo ni muziki wetu wa dansi na heshima yake iko palepale. Hapa nazungumzia ile jazi ya Marekani, iliyozaliwa na Wamarekani Weusi, na ndani yake nazungumzia piano peke yake. Bill Evans alikuwa Mzungu wa New Jersey, kazaliwa 1929, aliyejifunza lugha hiyo kwa waliomtangulia mpaka Miles Davis akamwita katika kikundi chake. Ndiye anayesikika kwenye nyimbo nyingi za *Kind of Blue* ya mwaka 1959.

Sasa hiyo Jumapili. Village Vanguard ni ukumbi mdogo wa chini ya ardhi, jijini New York, na uko mahali pale tangu 1935. Tarehe 25 Juni 1961 Evans alikuwa anamaliza mkataba wa wiki mbili hapo pamoja na wenzake wawili: Scott LaFaro kwenye besi, ile kubwa ya kusimama, na Paul Motian kwenye dramu. Kampuni ya Riverside ikaleta mitambo ya kurekodi, msimamizi akiwa Orrin Keepnews. Wakapiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku. Kisha wakafunga vyombo wakaenda zao, kama watu wowote waliomaliza kazi.

Siku 11 baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro akafa katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 25. Evans alivunjika moyo kiasi cha kukaa miezi bila kupiga hadharani.

Ili uelewe walichopoteza, msikilize LaFaro mwenyewe. Kwa desturi ya siku zile, mpiga besi katika kikundi cha namna hii alikuwa kama mlinzi wa geti: anahesabu hatua, anashika mwendo, wenye nyumba wanazungumza ndani. LaFaro aliacha geti akaingia sebuleni. Evans akisema neno kwa mkono wa kulia, LaFaro anamjibu kutoka huku chini. Mara anamtangulia, mara ananyamaza kabisa, na mwendo haupotei kwa sababu wote watatu wanao vichwani. Motian naye hagongi ngoma kama anayetengeneza bati. Anafagia, anagusa, anaacha nafasi. Ni maongezi ya watu watatu ambao hakuna anayemkatiza mwenzake, wala hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Sisi tunaoandika tamthilia tungeyasikiliza kwa makini hayo maongezi, maana wahusika wetu wengi hupokezana hotuba tu.

Albamu ya kwanza kutoka katika siku ile ni *Sunday at the Village Vanguard*, ya mwaka huo huo wa 1961. Ina nyimbo sita tu. Inafunguliwa na "Gloria's Step" na kufungwa na "Jade Visions", na zote mbili ni tungo za LaFaro. Katikati zimepangwa zile ambazo besi inapata uwanja mpana. Hata kwenye jalada jina lake limetajwa pembeni ya jina la Evans. Hayo hayakutokea kwa bahati. Evans na Keepnews walikaa wakachagua baada ya msiba, na walichagua kwa kumtazama marehemu. Kwa hiyo ile si rekodi ya onyesho tu. Ni tanzia. Mlango wa kuingilia ni wa LaFaro, mlango wa kutokea ni wa LaFaro, nasi tunapita katikati kama watu waliokwenda kuhani.

Mwaka 1962 ikafuata *Waltz for Debby*, nyimbo sita nyingine za siku ile ile. Hii ni laini zaidi, piano iko mbele, inaanza na "My Foolish Heart" inayokwenda polepole mpaka unaogopa kuvuta kiti. Ungeambiwa hizi ni siku mbili tofauti ungekubali. Saa ni zile zile, watu wale wale, ukumbi ule ule, ila mkono uliochagua ulikuwa unatafuta kitu kingine. Somo la kwanza kwa mwandishi ndilo hilo: unachokiacha nje kinaandika kama unachokiweka ndani.

Halafu, 2005, likaja kasha. Sidii tatu, siku nzima, kwa mpangilio wa saa. Vipande vingine vilikuwa vimeshatoka kidogo kidogo miaka ya nyuma, lakini sasa vimewekwa vyote mahali pamoja na kwa zamu yake. Linaanza kwa sauti ya kuwakaribisha wanamuziki, kisha "Gloria's Step" ya kwanza, na humo ndani umeme unaleta matata, sauti inakatika kidogo halafu inarudi. (Tuliokulia kwenye mgao wa umeme tutajiona nyumbani.) "All of You" inapigwa mara tatu katika siku hiyo, "Alice in Wonderland" mara mbili, "Waltz for Debby" mara mbili. Glasi zinagongana. Watu wanaongea, mtu anacheka, na muziki huu ambao leo tunausikiliza kama tuko msikitini ulipigwa mbele ya watu waliokuwa wanakunywa na kupiga soga. Mwishoni "Jade Visions" inapigwa mara mbili mfululizo, zinafuata nota chache za kuagia, basi.

Hukumu yangu ni hii. Albamu inajua kwamba LaFaro amekufa. Kasha halijui.

Ukisikiliza albamu, kila nota ya besi inakuja na kaburi lake. Ukisikiliza kasha, unamkuta kijana wa miaka 25 kazini siku ya Jumapili, anajaribu, anarudia, ana kesho yake. "Jade Visions" inayofunga albamu ni ile ya pili. Kwenye albamu ni mwisho wa maisha ya mtu. Kwenye kasha ni wimbo uliorudiwa tu, kama fundi anayepitisha randa mara ya pili kwenye ubao. Nilipoisikia hivyo kwa mara ya kwanza nilishindwa kuendelea, si kwa sababu ilikuwa na huzuni, bali kwa sababu haikuwa nayo.

Je, ina maana mwenye kasha kashinda ubishi? Ngoja kwanza. Kasha lina matatizo yake, na wakusanyaji hawapendi kuyasema. Ikifika "All of You" ya tatu, ukweli ni kwamba wengi wetu tunanyanyuka kwenda kuchemsha chai. Albamu haikupi nafasi hiyo. Dakika zake zimehesabiwa. Mtu anayeanza na kasha ataanza na hitilafu ya umeme, atachoka kabla ya awamu ya tatu, na atakwenda kutuambia kwamba Bill Evans anasinzisha. Zaidi ya hapo kuna swali la adabu. Evans alifariki Septemba 1980. Kasha lilipotoka hakuwepo wa kumuuliza kama anakubali majaribio aliyoyaacha yawekwe sawa na yale aliyoyachagua.

Na kuna ugonjwa wa kukusanya kwa kuhesabu. Unawajua watu hawa. Wana kabati zima, plastiki haijafunguliwa, ukiwauliza wimbo gani unawagusa wanakutajia idadi ya sidii. Kwao neno "kamili" ni nishani ya kuvaa kifuani.

Hata hivyo sitaki kuyatupa makasha. Kampuni ya Mosaic ilipoanza Marekani, kasha lake la kwanza lilikuwa la Thelonious Monk, rekodi zake za Blue Note, na ilionyesha kazi hii inavyofanywa kwa heshima: nakala chache, tarehe, majina ya wapigaji, maelezo ya kina. Kasha zuri linakufungulia karakana. Chukua "Un Poco Loco" ya Bud Powell, iliyorekodiwa 1 Mei 1951. Yapo majaribio matatu. Yasikilize kwa mfuatano umsikie Max Roach akisaka mdundo wa ile kengele mpaka anaupata, na Powell anavyozidi kupanda moto. Au chukua Monk mwaka 1957, peke yake na piano, akihangaika na "'Round Midnight". Wimbo huo aliutunga mwenyewe, tena miaka mingi nyuma, lakini utepe wa zaidi ya dakika 20 unamwonyesha akianza, akiacha, akianza tena, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Wewe uliyekata tamaa kwa sababu hadithi yako imekataa mara ya nne, kamsikilize Monk.

Kwa anayetaka kununua, nina mashauri matatu ya mtu aliyekwisha ungua vidole. Kwanza, ishi na albamu moja mpaka uijue kama njia ya kwenu. Kasha lije baadaye, ukiwa na maswali ya kuliuliza. Pili, soma kijitabu cha ndani kabla ya kutoa hela. Kama hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna majina ya wapigaji, hilo si kasha, ni gunia. Mengi ya bei chee yanatoka Ulaya, ambako rekodi zililindwa miaka 50 tu mpaka sheria ilipoongeza kuwa 70 mwaka 2013, na zilizokwisha toka nje ya ulinzi hazikurudishwa. Yeyote anaweza kuzibandika pamoja. Mengine ni mazuri, mengine yamekata albamu katikati ili zienee kwenye sidii. Tatu, uliza kilichoongezwa ni nini. Nyimbo kumi ulizonazo tayari ndani ya boksi jipya ni boksi tu.

Sasa nirudi mezani kwangu, nilikoahidi. Mwenzetu mmoja wa kikundi hiki cha waandishi alituacha akiwa hajachapisha hata shairi moja. Sitamtaja jina, familia yake bado ina kidonda. Aliacha madaftari matatu. Humo mna mashairi yaliyokamilika, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mengine ni mistari miwili na namba ya simu ya mtu. Kikundi kimegawanyika. Wapo wanaosema tuchape yote, maana kila neno lake ni amana. Wapo wanaosema tuchague kumi na mbili yaliyo bora, mengine yalale, maana hakuna kumdhalilisha marehemu kama kumwanika na rasimu zake. Madaftari niliachiwa mimi, na kwa miezi sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata kwenye ile Jumapili. Evans na Keepnews walichagua sita kwanza, wakaziweka katika mpangilio unaosema: mtazameni huyu. Lakini tepu zilizobaki hazikufutwa. Ziliwekwa, na miaka 44 baadaye sisi tusiomjua LaFaro tukaweza kuketi naye siku nzima. Mambo hayo mawili hayapingani, yana zamu tu. Wangeanza na yote mwaka 1961, pengine asingesikilizwa. Wangefuta yaliyobaki, tungebaki na msiba peke yake, bila yule kijana.

Basi msimamo wangu, na nauandika hapa ili wenzangu wasiniruke kikaoni: tuchape kumi na mbili. Tuyapange vizuri, la kwanza liwe mlango wake na la mwisho liwe mlango wake. Madaftari tuyanakili ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mistari iliyokatwa na ile namba ya simu, tuyahifadhi pakavu. Siku moja atatokea mtu atakayetaka kumjua akiwa kazini, kabla yeyote hajajua.

Mwenye santuri na mwenye kasha bado wanabishana pale kijiweni. Juzi niliwaomba wabadilishane kwa wiki moja. Mwenye santuri kasharudisha kasha, anasema hiyo sidii ya tatu hakuimaliza. Mwenye kasha santuri hajairudisha mpaka leo.