Mtoto wa Nyumba Mbili Jukwaani

Msomaji, tangu mwaka 1959 shule za Kenya zimekuwa na tamasha la michezo ya kuigiza, na kutoka Kitale hadi Bungoma ni nadra kumpata mwalimu wa lugha asiyezijua shughuli zake. Miongoni mwa habari ziigizwazo jukwaani ni ile ya baba na mama waliotengana. Hiyo ndiyo nitakayo kuipima hapa.

Aghalabu mchezo huwa hivi: wazazi hugombana, mama hufunga mizigo, mtoto huugua, kisha mzee wa ukoo huwaita, nao hupatanishwa kwa nyimbo na vigelegele. Watazamaji hupangusa machozi. Mchezo huo hupendeza, lakini husema uongo, na adanganywaye zaidi ni mtoto aliyeuigiza. Makofi yakiisha yeye hurejea kule kule: muhula kwa mama Kitale, likizo kwa baba Bungoma, na sanduku lake juu ya matatu. Tena watoto wengi wa hali hii hudhani kwa siri kwamba wao ndio walioleta utengano. Mchezo ukionyesha ugonjwa wa mtoto ukiwarudisha wazazi, humthibitishia kwamba kosa ni lake na tiba pia ni kazi yake. Ni mzigo gani huo wa kumtwika mtu wa miaka 12?

Mchezo ulio bora hauna haja ya kupatanisha mtu. Mpe mtoto sehemu ya baba leo, kesho ya mama, keshokutwa ya jirani mwenye maneno mengi. Akisema kwa kinywa cha mwingine ataweza kutamka hasira asiyothubutu kuitamka kwa kinywa chake. Na akivaa koti la baba huenda akaona kwamba mtu mzima naye huogopa. Hapo litungu la Wabukusu hufaa kuliko hotuba, kwa kuwa hujaza kimya ambacho mtoto hakipatii neno. Ni hasara kulifanya pambo la kuingilia jukwaani tu.

Lakini usimtake mtoto asimulie kisa cha nyumbani kwake mbele ya waamuzi watoao alama. Hiyo si sanaa, ni mnada. Kisa na kiwe cha kubuni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, huwapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Hapo pana mchezo ambao sijauona ukiigizwa vizuri: wazazi walioachana, wasiorudiana, wakisikizana juu ya karo, juu ya likizo, na juu ya nani atakayemngoja mtoto jioni katika kituo cha matatu.