Yai la Sungura Ndani ya Chupa

Yai la sungura lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini ya hadubini huonekana limezungukwa na seli ndogondogo zinazonata. M. C. Chang, mtafiti mzaliwa wa China aliyefanya kazi Shrewsbury, Massachusetts, nchini Marekani, alitumia miaka mingi akijifunza kulihudumia yai hilo nje ya mwili wa mama.

Kazi huanza kwa kuhesabu saa. Sungura jike huachia mayai saa 10 hivi baada ya kupandwa, au baada ya kuchomwa sindano ya homoni, hivyo fundi anajua ayafuate lini. Akichelewa, mrija wa uzazi huyavika ute mzito ambao mbegu haiupenyi.

Mbegu nazo zina saa zake. Mwaka 1951 Chang aligundua, kama alivyogundua mtafiti Austin huko Australia, kwamba mbegu ikitoka tu kwa dume haijawa tayari. Sharti ikae kwanza saa kadhaa ndani ya mwili wa jike. Basi Chang alizichukua mbegu kwenye mji wa mimba wa jike aliyekwisha kupandwa. Uamuzi huo ndio uliofungua njia.

Yai huhamishwa kwa bomba la kioo lililovutwa motoni mpaka likawa jembamba, mdomo wake ukilizidi yai kidogo tu. Ncha hupitishwa tena motoni ili makali yaishe. Kisha mtu huvuta kwa pumzi yake, polepole mno, na yai hupanda ndani ya bomba bila kuguswa na kitu ila maji.

Maji hayo yana masharti. Chumvi ikizidi yai hunywea, ikipungua huvimba. Joto ni nyuzi 38, na hewa huongezwa asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, ambayo pamoja na baikaboneti huzuia uchachu usipande wala kushuka. Ndani ya maji hayo mna glukosi na albumini ya damu ya ng'ombe. Mwaka 1975 watafiti Brackett na Oliphant walionyesha kwamba hata mbegu zinaweza kuandaliwa nje ya mwili: walizitia kwa muda mfupi katika maji yenye chumvi nyingi kuliko kawaida, kisha wakazirudisha kwenye maji ya kawaida. Napenda sana hatua hiyo, kwa sababu kila kilichomo chupani kilijulikana na kupimwa.

Mayai na mbegu vikishakutanishwa chupani, ni kungoja. Yai lililotungishwa hugawanyika seli mbili, kisha nne. Mwaka 1959 Chang alieleza jinsi alivyopandikiza mayai 36 ya seli nne kwa majike sita, wakazaliwa watoto 15 wazima. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetungwa nje ya mwili wa mama, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Tunaposimulia habari zake, tuanze na sungura wa Shrewsbury.