Yanayosemwa na Yanayonyamaziwa na Lebo ya Wiski ya Kiskoti

Kanuni za Wiski ya Kiskoti za mwaka 2009 zinaigawa pombe hiyo katika aina 5, na kila chupa inayouzwa kihalali kwa jina la Uskoti ni lazima iandikwe mojawapo ya aina hizo. Mbili ndizo zinazomfikia mnunuzi mara nyingi: singo molti, yaani wiski iliyokenekwa kutokana na kimea cha shayiri pekee katika kiwanda kimoja, na wiski mchanganyiko, ambayo wengi huiita blendi, inayopatikana kwa kuunganisha wiski za kimea na wiski za nafaka nyingine kutoka viwanda mbalimbali. Neno "singo" ndilo linalowapoteza watu, kwa kuwa hudhaniwa kumaanisha pipa moja au zao la mwaka mmoja, ilhali kisheria halizidi maana ya kiwanda kimoja. Chupa ya singo molti huweza kuwa imetokana na mamia ya mapipa yenye umri tofauti, na anayeyaunganisha hufanya kazi ileile ya mchanganyaji wa blendi, isipokuwa ghala analochotea ni dogo zaidi. Kwa hiyo dhana kwamba singo molti ni wiski safi na blendi ni wiski iliyochakachuliwa haina msingi katika utengenezaji wenyewe, ingawa imewafaidi sana wauzaji.

Ili kuelewa ladha inatoka wapi, inafaa kuanzia kwenye kimea, ambacho si kitu kigeni kwa mpika pombe wa Afrika Mashariki anayeotesha mtama au ulezi, akauanika na kuusaga kabla ya kuuchachua. Shayiri ya Uskoti hupitia njia hiyohiyo: hulowekwa, huachwa ichipue ili vimeng'enya vyake, yaani protini zitakazovunja wanga kuwa sukari, viamke, kisha hukaushwa kwa joto kabla chipukizi halijaila akiba yake. Tofauti hujitokeza pale ukaushaji unapofanywa kwa moshi wa piti, ambayo ni mabaki ya mimea yaliyooza nusunusu katika ardhi chepechepe kwa maelfu ya miaka, yakakatwa mithili ya matofali na kuanikwa hadi yakafaa kuwa kuni. Moshi huo huacha kwenye maganda ya punje kemikali ziitwazo fenoli, ambazo ndizo chanzo cha ile harufu ya lami, ya samaki wa kukaushwa kwa moshi na hata ya dawa ya kusafishia vidonda inayovisifisha viwanda vya kisiwa cha Islay kama vile Laphroaig na Ardbeg. Viwanda hupenda kutangaza kiwango cha fenoli kwa sehemu kwa milioni, na wanywaji hupenda kukinukuu, lakini takwimu hiyo kwa desturi hupimwa kwenye kimea kabla hakijasagwa, na sehemu kubwa ya fenoli hizo hupotea njiani kabla ya wiski kufika chupani.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo unapatikana kisiwani humohumo. Lagavulin na Caol Ila hutumia kimea kutoka kiwanda kimoja cha kuoteshea shayiri kilichoko Port Ellen, chenye kiwango cha moshi kinachokaribiana mno, na bado ya kwanza hutoka nzito, yenye mafuta na moshi mzito, ilhali ya pili hutoka nyepesi, safi, yenye harufu inayokumbusha ndimu na majivu baridi. Tofauti hiyo inatokana na vyungu vya shaba vya kukenekea. Shaba hushikamana na chembechembe za salfa zenye harufu kali na kuziondoa katika mvuke, kwa hiyo kadiri mvuke unavyopata nafasi ya kugusana na kuta za chungu ndivyo pombe inavyozidi kuwa nyepesi. Lagavulin hujaza vyungu vyake karibu pomoni na kukeneka taratibu, ilhali Caol Ila huacha nafasi kubwa zaidi juu ya kimiminika. Glenmorangie, kule kaskazini, imeufikisha wepesi huo mbali zaidi kwa vyungu vyenye shingo inayozidi mita 5, kwani mvuke mzito hushindwa kupanda shingo hiyo na kurudi chini ukakenekwe upya.

Ukenekaji hufanyika mara 2 katika viwanda vingi, na katika awamu ya pili mkenekaji hukabiliwa na uamuzi usiorekebishika baadaye. Pombe inayotiririka hupita ndani ya sanduku la shaba lenye vioo na kufuli, ambalo zamani halikufunguliwa bila ofisa wa ushuru kuwepo, na mkenekaji huitazama bila kuionja. Kinachotoka mwanzo ni kikali na hakinyweki. Ili kujua kama kimekwisha, yeye huchanganya kiasi kidogo na maji, na mchanganyiko ukifanya utusitusi kama maji ya mchele, hungoja. Ukibaki mwangavu, hugeuza bomba na kuanza kukusanya kile kiitwacho moyo, ambacho ndicho pekee kitakachoingia kwenye pipa. Kwa kuwa fenoli huchelewa kutoka, anayefunga moyo mapema hupata wiski yenye matunda zaidi, na anayechelewa hupata moshi zaidi, lakini akizidisha ucheleweshaji hukusanya pia mkia wenye harufu ya ngozi mbichi na jasho. Lebo hainukuu kamwe wakati huo wa kugeuza bomba, ijapokuwa una uzito mkubwa kuliko mengi yaliyoandikwa juu yake.

Blendi ilizaliwa kutokana na mtambo wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1830, Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru nchini Ireland, alipata hataza ya mtambo wa minara 2 unaokeneka mfululizo bila kusimama, ambao uliweza kutoa pombe nyingi, nyepesi na nafuu kutokana na mahindi au ngano iliyochanganywa na kimea kidogo. Andrew Usher wa Edinburgh alikuwa amekwisha kuunganisha wiski za kimea za umri tofauti mwaka 1853, na sheria ya mwaka 1860 iliporuhusu wiski ya kimea na ya nafaka zichanganywe ghalani kabla ya kulipiwa ushuru, wafanyabiashara wa duka la vyakula kama familia ya Walker wa Kilmarnock walipata kitu walichokuwa wakikihitaji kwa muda mrefu: kinywaji chenye ladha isiyobadilika kutoka chupa hadi chupa. Wakenekaji wa kimea hawakukaa kimya, na mwaka 1905 halmashauri ya Islington jijini London iliwashtaki wauzaji kwa kuuza mchanganyiko kwa jina la wiski. Ni tume ya kifalme ya mwaka 1908 hadi 1909 iliyoumaliza mgogoro kwa kuamua kwamba pombe ya nafaka nayo ni wiski.

Kazi ya mchanganyaji hufanywa kwa pua zaidi kuliko kwa ulimi. Sampuli kutoka mapipa hupunguzwa kwa maji hadi karibu asilimia 20 ya kileo, kwa sababu nguvu ya pombe ghafi huziba hisi ya kunusa, kisha hunuswa moja baada ya nyingine, na ile yenye kasoro huwekwa kando. Wiski ya nafaka katika mkusanyiko huo haifanyi kazi ya maji ya kuongezea. Utamu wake wa vanila na wepesi wake huzifungulia nafasi wiski nzito za kimea ambazo zingegongana, kama vile tui linavyokipatanisha kiungo kikali na kingine ndani ya mchuzi. Johnnie Walker Black Label hutegemea wiski kutoka Caol Ila kwa sehemu ya moshi wake, na kwa kuwa lebo yake inataja miaka 12, hakuna tone ndani yake, likiwemo la nafaka, lenye umri pungufu ya huo. Anayeidharau blendi hiyo na kuihusudu Caol Ila anadharau kwa mkono mmoja kile anachokinunua kwa mwingine.

Umri wenyewe unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sheria inadai miaka isiyopungua 3 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, ndani ya Uskoti, na namba inapoandikwa ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Haisemi lolote kuhusu ubora wa pipa, jambo ambalo ni zito zaidi. Sheria ya Marekani hulazimisha wiski ya bourbon ikomazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, nayo hayawezi kutumika tena kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo Uskoti huyapokea kwa wingi, yakiwa bado na vanila na nazi ya kutosha. Yale yaliyobeba sheri, divai ya Hispania iliyoongezwa nguvu, huchangia zabibu kavu, njugu na viungo. Pipa lililotumika mara ya tatu au ya nne huwa limechoka na hubadilisha pombe polepole, huku takriban asilimia 2 ikiyeyukia hewani kila mwaka. Miaka 10 katika pipa bora inaweza kushinda miaka 18 katika pipa chovu, na kwa upande mwingine wiski iliyokaa miaka 30 katika pipa jipya la sheri huweza kuwa na ladha ya ubao kuliko ya shayiri.

Rangi ndiyo kigezo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu kanuni zinaruhusu karameli ya kutia rangi, na Ujerumani ni miongoni mwa nchi chache zinazodai itajwe kwenye chupa. Kinyume chake, asilimia ya kileo hufichua mengi. Wiski iliyo chini ya asilimia 46 huelekea kufanya ukungu inapopoa, hivyo viwanda vingi huipoza na kuichuja ili kuondoa esta na asidi za mafuta, na sehemu ya unene wake mdomoni huondoka nazo. Mnunuzi anayeona asilimia 46 au zaidi, pamoja na kauli kwamba wiski haikuchujwa kwa baridi wala kutiwa rangi, amepata taarifa yenye manufaa kuliko picha yoyote ya paa dume kwenye lebo.

Katika kuionja, glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba hukusanya harufu vizuri kuliko bilauri. Maji machache hayaiharibu wiski: utafiti wa kompyuta uliochapishwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden mwaka 2017 ulionyesha kwamba guayakoli, mojawapo ya kemikali za moshi, hukaa karibu na uso wa kimiminika chenye kileo cha asilimia 45 au chini yake, ambako pua huifikia kwa urahisi, ilhali kileo kinapozidi asilimia 59 huzama ndani. Barafu hufanya kinyume, kwani ubaridi huzuia harufu kupanda, na kuitia kwenye wiski ya bei ghali ni kulipia kisichonuswa. Katika blendi nyepesi siku ya joto, hata hivyo, hakuna kosa lolote. Chupa iliyofunguliwa isimamishwe wima, kwa kuwa kileo kikali hula kizibo, na ikifika nusu inywewe ndani ya miezi michache, maana wiski haikomai tena baada ya kutoka kwenye pipa, na hewa iliyobaki juu yake huipunguzia tu harufu.