Picha Zilizokuwa na Wenyewe

Wapiga picha wa zamani walikuwa wakihesabu vichwa. Kabla fundi hajabonyeza, alishajua waliosimama mbele yake ni kina nani, nani kaja na nani, na kopi ngapi zitatakiwa wiki ijayo. Mzee wa Ngamiani, Tanga, ninayemsema hapa, mpaka leo anahesabu hata kwenye picha aliyopiga mtu mwingine. Mwonyeshe picha ya harusi kwenye simu, hataisifu wala hataiponda. Atasogeza kidole kutoka uso mmoja hadi mwingine, midomo ikicheza kidogo, kisha atauliza: "Na hawa wamepewa?"

Jibu la siku hizi ni linki. Harusi ikishapita, kwenye kundi lile lile la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya michango, ambamo mweka hazina bado anawakumbusha watu ahadi zao, inadondoshwa linki moja na maneno mawili ya shukrani. Ndani yake mna picha mia nane, pengine elfu, na kila mtu ajitafute. Shangazi wa Pangani, aliyetoka kwake alfajiri na doti ya kanga ya kumtunza bi harusi, hana bando la kufungulia mzigo kama huo. Akipata kijana wa jirani wa kumfungulia, anapitishwa kwenye mapambo ya ukumbi, viatu vya bwana harusi vikiwa peke yao juu ya kochi, pete juu ya ua, keki kwa mbele, keki kwa ubavuni, mpaka bando linakata hajajiona. Hapo maharusi wanahesabu kwamba wageni wamepata picha zao. Mimi naona wamejitua mzigo tu.

Kwa fundi wetu kugawa ilikuwa nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ngumu. Mkanda ulikuwa na picha 36, na harusi ya kawaida ilipata mikanda miwili, mitatu kwa wenye nacho. Hapakuwa na nafasi ya kupiga viatu. Akishasafisha mkanda, alitoa kopi ndogondogo, akazibandika kwenye daftari la kaunta na kuzipa namba, halafu akamwita mama wa bi harusi. Wakakaa kwenye benchi la studio, chai ikaletwa, wakaanza kupita ukurasa kwa ukurasa. Wale asiowajua alikuwa amewaandika kwa alama: mwenye kitambaa cha kijani, mzee wa fimbo, watoto wa meza ya mjomba. Mama ndiye aliyejaza majina, na kila jina lilikuja na maelekezo yake. Huyu mpe mbili, moja atampelekea mumewe Muheza. Huyu naye mpe, hakualikwa lakini alikuja kuosha vyombo. Huyu na huyu wameachana mwezi uliopita, kwa hiyo hapa kata begani, kila mmoja apate upande wake.

Na fundi alikata kweli. Alikuwa na mkasi wa kazi hiyo tu, mrefu na mwembamba, ambao hakuna mtoto wala mteja aliyeruhusiwa kuushika. Nimewahi kuona nusu moja ya picha ya namna hiyo ukutani kwa watu Makorora: mwanamke kajitanda vizuri, anacheka, na juu ya bega lake vimebaki vidole vinne vya mtu asiyekuwepo. Mwenye nyumba hana kinyongo na vidole vile. Alipewa picha ambayo angeweza kuitundika, na fundi alilifikiria hilo kabla yeye mwenyewe hajalifikiria.

Kopi zikishatoka, kila mgeni na bahasha yake. Nyuma ya picha uligongwa muhuri wa studio, wa mbao, wenye wino wa zambarau uliokuwa ukikolea upande mmoja kuliko mwingine, na chini yake bi harusi aliandika kwa mkono wake. Haya maandishi ndiyo yaliyoifanya picha iwe ya mtu fulani. Kwa somo wake aliandika hivi, kwa rafiki yake wa shule vile, kwa mama mkwe alitafuta maneno kwa siku mbili na kuomba asahihishiwe. Bahasha zilipelekwa kwa mkono na zilikuwa na utaratibu usioandikwa popote: kwanza nyumbani kwa bwana harusi, kisha wajomba, kisha somo, ndipo majirani na marafiki. Aliyekosea mpangilio alijua atakachosikia. Namjua mama mmoja aliyesusa shughuli za shemeji yake kwa miaka kwa sababu bahasha yake ilifika baada ya ya jirani. Tulimcheka, lakini alikuwa na hoja. Picha ilimwambia mtu anasimama wapi katika nyumba ile, na yeye aliambiwa amesimama barazani.

Lakini katika yote aliyoyafanya mzee huyu, mimi nampendea wapishi.

Harusi za mtaani zilipikwa uani, na waliopika hawakufika ukumbini. Bi harusi alipokuwa akiingia kwa vigelegele wao walikuwa wakipakua, na alipokuwa akitolewa walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu. Kwa hiyo fundi, siku ya shughuli, aliswali alfajiri na kwenda moja kwa moja uani na kamera yake, kabla ya mtu mwingine yeyote kumtaka. Ninayo moja ya picha hizo, niliyoipata kwa njia ya urithi. Masufuria matatu yako juu ya mafiga, na moshi umekula kona nzima ya kushoto. Wanawake watano wamefunga kanga kifuani, vilemba vimelegea kwa kukesha. Mmoja ameusimamisha mwiko ardhini kama kasia, unamfika kidevuni, na ndiye pekee anayeitazama kamera sawasawa, kwa uso wa mtu anayengoja uondoke njiani. Wa mwisho kulia amegeuka, sijui kwa moshi au kwa haya. Mbele yao kuna sinia la vitunguu vilivyokwisha kukatwa, vyeupe mno katika picha isiyo na rangi, na nyayo za kuku kwenye majivu. Nyuma, kwa wino wa buluu, imeandikwa: Wapishi wetu, Mungu awalipe. Tarehe imeliwa na maji ya mvua.

Kopi tano zilitoka, kila mpishi na yake. Fundi hakuzitoza. Nilipomuuliza sababu alionekana kukerwa kidogo na swali, akasema wageni wengine wote wangemlipa, kwani hao wangemlipa kwa nini, na wao ndio waliompa kifungua kinywa.

Pwani hii ina mafundi wenye majina makubwa kuliko lake. Unguja kulikuwa na studio ya kina Gomes, Wagoa, tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza baada yake. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio mwaka 1942, na maharusi walikuwa miongoni mwa waliopanga foleni mlangoni kwake. Lamu walikuwa na Omar Said Bakor, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alisifika kwa kukata na kuunganisha picha, akimtoa mtu alipo na kumweka katika mandhari aliyoibuni yeye. Kazi zao zimefika kwenye vitabu na kumbi za maonyesho, na wamestahili. Ila maonyesho hutundika upande wa mbele. Muhuri, maandishi ya bi harusi na jina la mtu aliyepelekewa hugeuzwa ukutani.

Walikuwepo pia wageni ambao hawakuja na wakapewa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwakaribisha, Wazanzibari wengi walihamia Oman, na harusi ikawa na watu wa pande mbili za bahari. Picha zao zilichapwa ndogo, pembe zikapunguzwa, zikaingia kwenye barua ya ndege yenye mistari myekundu na ya buluu bila kuzidisha uzito. Huko Muscat zilitoka kwenye bahasha na kuzunguka sebuleni, kila mtu akizishika kwa pembe, wakitambua nani kanenepa na nani kafanana na marehemu bibi yake.

Picha za ndani, za wanawake, zilikuwa na sheria yake. Siku ya kupamba wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, hina mpaka viwiko, na mwanamume hana kazi hapo. Aliyeingia na kamera alikuwa mke wa fundi, naye aliijua kuliko vijana wengi wanaojiita wapiga picha leo. Mkanda ulisafishwa usiku, mlango umefungwa, na negativu zikarudishwa kwa mama wa bi harusi zikiwa zimefungwa kwa karatasi na uzi. Fundi aliziona, bila shaka. Lakini mji mzima ulijua kwamba hakuziona. Hata alipokutana sokoni na mwanamke aliyemchapa juzi akicheza, alimwamkia kwa macho yaliyotazama chini, na mwanamke naye akaitikia bila wasiwasi.

Sasa kadi za mialiko Mombasa na Unguja zinaandikwa kabisa kwamba simu haziruhusiwi. Mlangoni wamekaa akina mama wawili na kapu, wanapekua mikoba. Wako makini, na nawaonea huruma, kwa sababu kilichokuwa kikilindwa na fundi mmoja na mkewe sasa kinataka ulinzi dhidi ya wageni wote, na mara nyingine picha inafika mjini kabla bi harusi hajafika kwake.

Sidai kwamba zamani kila mtu alipata haki yake. Wapo mafundi waliochukua kianzio wakapotea na mkanda, na wapo ambao kamera haikuwahi kuwageukia maisha yao yote. Na mikanda yenyewe isingedumu. Kodak walipokimbilia mahakamani kujikinga na wadai wao, Januari 2012, hapa mikoani habari ilikuwa imekwisha kufika kwa njia nyingine: mikanda ikiadimika, dawa za kusafishia zikipanda bei, wateja wakija na kadi ndogo za kamera na kuuliza kwa nini wangoje wiki nzima. Hilo ni la biashara, nalielewa. Nisichokielewa ni kwa nini pamoja na mkanda tuliachia na daftari. Simu haimkatazi mtu kukaa na mama yake jioni moja wakataja majina. Inahifadhi nyuso nyingi kuliko daftari lolote. Lakini harusi iliyochangiwa nusu mwaka inawekwa status, na status inafutika baada ya saa 24.

Thamani ya daftari lile inaonekana msibani. Watu huja studio wakiwa na macho mekundu: mama amefariki, hawana picha yake ya maana, ile ya kitambulisho haifanani naye. Fundi haulizi jina la marehemu. Anauliza alikwenda harusi ya nani. Mtoto anafikiri, anampigia simu mama mdogo, mama mdogo anakumbuka harusi fulani ya Chumbageni, mwaka ule wa njaa ya mahindi, na mzee anainuka kwenda kwenye kabati la nyuma. Si mara zote anapata. Akipata, mara nyingi marehemu yuko pembeni, safu ya tatu, anapiga kigelegele, na ndiyo picha pekee ya ujana wake iliyopo duniani. Imepigwa kwenye furaha ya mtu mwingine, na ikatunzwa kwa sababu kuna mtu aliyemhesabu.

Mzee hapigi tena harusi. Anapiga za pasipoti na za fomu za shule. Waliorithi uwanja ni vijana wenye printa, wanaokaa nje ya ukumbi na kuchapa papo hapo, kisha wanazipanga picha chini kwenye turubai ili wageni wanaotoka wajitambue na kununua. Ni wepesi, na picha zao ni safi, siwezi kuwanyima hilo. Nilizungumza na mmoja wao usiku, wakati wanakunja turubai. Picha zilizobaki zilikuwa nyingi. Nilimuuliza anazifanyia nini, akasema anachana, maana akizirusha hivi hivi watu wanaokota bure. Karatasi ni ghali, kaka, akaniambia, ndiyo maana siku hizi anachagua wa kupiga. Anaangalia nguo, anaangalia simu, anaangalia meza. Wazee wa nyuma hawanunui, na watoto hawana hela. Wapishi hakuwataja, na sikuona haja ya kumuuliza, kwani chakula kilikuja na gari kutoka mjini, kimekwisha kupakuliwa.